Maiti Asiye na Kibali

Kitwana bin Mwinyimvua, fundi wa majiko ya bati wa Mtaa wa Pemba, alikuwa ametimiza miezi minane mahabusu bila kuona sura ya hakimu, na kosa lake lilikuwa kumzuia maiti njiani.

Tuseme ukweli, maiti mwenyewe hakulalamika. Marehemu Mzee Mrisho alikuwa Mnyamwezi, Kitwana Mzaramo, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani asipofanya vituko msibani, wafiwa huona wametupwa. Basi jeneza lilipotoka uani, Kitwana alijilaza mlangoni, daftari kwapani, akatangaza kwamba marehemu hapiti mpaka aonyeshe kibali cha kusafiri chenye muhuri wa tawi la chama, na kwamba hata huko aendako sukari ni kwa foleni, asidhani atapita mlango wa nyuma kama katibu. Mjane, Bi Tatu, alicheka hadi ikabidi ashikwe. Walicheka wote, isipokuwa katibu wa tawi, mtu wa kuja asiyejua utani huo. Siku ya tatu likaanuliwa tanga. Ya nne akaanuliwa Kitwana.

Mwanzoni alijipa moyo. Chumba kilikuwa cha watu wanane, wamo ishirini na wawili. Ukitaka kugeuka usingizini, uombe ruhusa mstari mzima. Kitwana alikiita nyumba kumi, kama shina la chama mtaani, akajiteua balozi wake. Lakini utani nao una akiba yake. Ukaanza kwisha kama mafuta ya taa, naye akabaki kuhesabu misumari ya dari. Ilikuwa mia moja na tisa, na kila asubuhi ilikuwa mia moja na tisa.

Mwezi wa saba Afande Eliakimu, aliyeshika faili lake, alimwambia kuwa ameshamsoma: yeye ni mpuuzi tu, na mpuuzi hafungwi. Asubiri saini.

Kisha zikaja barua.

Asubuhi aliyoitwa tena, mwezi wa nane, zilikuwa mezani kwa afande, arobaini na moja, zenye stempu za ndege na malkia. Eliakimu alimweleza kwamba kuna chama huko Ulaya ambacho kazi yake ni kuziandikia serikali kuhusu watu waliofungwa bila kesi. Wanachama wenyewe ni walimu, wauguzi, vikongwe wenye paka. Kila mmoja anaandika yake, kwa adabu, na hachoki. Ndani ya barua hizo fundi majiko alikuwa amegeuka msemaji jasiri wa wananchi. Kitwana alitaka kucheka, akaona Eliakimu hacheki. Mpuuzi haandikiwi na Wazungu arobaini na mmoja, alisema afande. Ile saini sasa haipo.

Akachukua barua moja, akamtafsiria. Bibi mmoja wa Uholanzi alikuwa anauliza kama yule bwana anapata matibabu ya sikio lake la kushoto.

Sikio la kushoto la Kitwana liliuawa na nyundo zamani, naye alilificha vizuri kwa kuwa fundi kiziwi hapewi kazi. Aliyejua ni mtu mmoja tu. Zamda, mkewe, ambaye kwa miaka kumi na miwili amekuwa akilala upande wa kulia wa mumewe ili asikike.

"Nani aliwapelekea jina lako?" Eliakimu aliuliza. "Nitajie, adhuhuri unakula kwako. Na yeye nitamwita tu, tuongee."

Kuongea. Hata Kitwana aliitwa kuongea tu, miezi minane iliyopita, akaacha jiko moja halijatiwa miguu. Dirishani paliingia mlio wa mafundi wenzake wakigonga bati, hatua mia tatu tu kutoka pale. Aliweza hata kutambua nyundo ya nani ni ipi.

"Ni marehemu, afande," alisema. "Mzee Mrisho. Nilimnyima kibali, sasa ananilipa. Mtani hasahau."

Eliakimu aliandika kitu, akafunga faili. Alisema atauliza tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, kwani yeye mshahara wake unakuja tu.

Aliyemrudisha alikuwa Koplo Awadhi, mtu mzima wa Tabora, ambaye muda wote alisimama kando ya mlango akitazama ukuta. Walipofika kwenye chumba, akatanua mikono mlangoni, uso mkavu.

"Kibali, Mzaramo."

Kitwana alijipapasa kifuani, akajipapasa kiunoni.

"Nimekisahau nyumbani, Mnyamwezi. Ngoja nikakilete."

Awadhi alicheka mpaka funguo zikalia mkononi mwake. Alicheka na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa shati. Halafu akafungua mlango, akamsukuma ndani taratibu, akafunga.

Kitwana aliomba ruhusa, akajipenyeza katikati ya migongo miwili. Huko nje nyundo zilikuwa bado zinagonga. Akalalia sikio lake zima.