Kutubu Mabao

Kaka yangu Nzomo alifunga mabao thelathini na saba katika msimu mmoja, mwaka wa 1971, akiichezea timu ya kampuni moja ya magunia kule Nairobi. Katika ligi ile ya makampuni hakuna aliyefikisha mabao hayo kabla yake wala baada yake, mpaka ligi yenyewe ikavunjika. Watu wa Kitui walimjua kwa redio. Sisi wa nyumbani kwake, Ikutha, ndio hatukumsikia. Mechi zilitangazwa Jumapili alasiri, na mama yetu, Syombua, hakuruhusu redio ifunguliwe siku ya Bwana.

Kanisa letu lilimtoa katika ushirika mapema, kabla jina lake halijafika mbali. Kosa lake lilikuwa kucheza mpira Jumapili. Hakuna aliyemchukia. Akija nyumbani alisalimiwa vizuri na kupewa chai, lakini kanisani alikaa benchi la nyuma, na meza ya Bwana ikiandaliwa alitoka nje akasimama kwenye jua pamoja na watoto. Na kila mtu alijua jambo moja zaidi: aliyetengwa akifa, kanisa halimwimbii. Majirani watakuja, watachimba, watafukia, lakini hakutakuwa na mchungaji, wala Biblia, wala wimbo. Baba yetu mdogo alizikwa hivyo kwa sababu ya mke wa pili. Mama alirudi kutoka mazishi hayo akakaa siku nzima bila kutia kitu mdomoni.

Njia ya kurudi kundini ilikuwa moja tu: kusimama mbele ya kanisa na kutaja dhambi zako, moja moja, kila moja kwa jina lake. Kwetu hakuna kutubu kwa jumla. Ukisema "nimekosa", utaulizwa nini, wapi na na nani, mpaka uitoe yote. Nimewaona wanaume wazima wakitaja mbuzi waliyemwiba wakiwa vijana, na rangi yake.

Nzomo hakuwahi kusimama. Goti lake liliharibika mwaka wa 1974. Kampuni ilimpa kazi ya kupakia magunia kwa muda, kisha haikumpa kazi yoyote. Akateremka Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, akawa anaziba magurudumu ya malori pamoja na Evanson Mbugua, mtu wa Murang'a aliyekuwa kipa wa timu yao. Huko alikunywa sana. Mwaka wa 1986 tumbo lilimvimba na macho yakawa manjano. Hospitali walisema ini limekwisha, apelekwe kwa mama yake.

Evanson alimleta kwa pikapu, amelazwa juu ya godoro, wakapita Kibwezi na kuvuka mto Athi. Alipofika uani alizima gari, akavua kofia.

"Mama, mzigo wako huu. Nimeudaka safari nzima, haukunitoka mikononi hata mara moja."

"Huyu?" Nzomo akasema kutoka kwenye godoro. "Huyu hajawahi kudaka kitu. Nilikuwa nafunga matatu ndiyo tushinde kwa moja, kwa sababu yeye ashafungwa mawili."

"Sikia Mkamba! Ini limeisha, mdomo bado."

Nilicheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika nyayo za Nzomo, anazibonyeza kwa kidole gumba na kuangalia jinsi shimo la kidole lilivyokataa kujaa.

Baada ya Evanson kuondoka, mama alivuta kigoda karibu na kitanda. Hakuzungusha maneno.

"Nzomo, wewe unakufa."

"Najua, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na Nzomo hakuacha kumwita hivyo hata ukubwani.

"Nataka kukuzika na wimbo."

"Pombe nitatubu. Hiyo hata bila kuombwa. Na yule mwanamke wa Nairobi niliyemwacha. Lakini mpira, mwaitu, nitautubu vipi? Ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri."

"Ndicho kilichokutoa kanisani."

"Najua."

"Basi ndicho utakachorudi nacho." Akamfunika miguu. "Sikuombi kwa ajili yako. Naomba kwa ajili yangu. Nitabaki hapa baada yako, nikiliangalia hilo kaburi kila asubuhi nikienda kukamua."

Nzomo akageuza uso ukutani, akasema sawa.

Jumapili iliyofuata wanaume wanne walimbeba hadi kanisani akiwa kwenye kiti. Walimweka mbele, chini ya mimbari. Mchungaji wetu aliitwa Jonah, mtu mpole aliyekuwa ameandaliwa na wamishonari na aliyeogopa sana kuharibu kile alichokabidhiwa. Kando yake alikaa mzee wa kanisa, Mbuvi, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye ndiye aliyesoma jina la Nzomo siku alipotengwa.

Nzomo alianza vizuri. Alitaja pombe, akataja na baa alikoinywea. Alimtaja yule mwanamke. Alitaja kwamba hakuja kumzika baba kwa sababu alikuwa amelewa, na hapo mama alishusha pumzi na kanisa likasema amina kwa sauti ya chini. Kila amina ilikuwa kama mlango unaofunguliwa. Niliona mabega ya mama yakilegea.

"Na mpira," Mchungaji Jonah akasema.

"Na mpira. Nimetubu mpira."

"Ndugu, unajua desturi yetu. Mpira upi? Utaje."

Nzomo aliangalia sakafu. Kisha akaanza, na mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mtu anayelipa.

"Jumapili ya kwanza ilikuwa hapa, kwenye soko la mifugo. Vijana wa Mutomo walikuja na ng'ombe wakakosa mtu wa kucheza upande wa kushoto. Nilikuwa nimetumwa kuleta maji. Nilicheza miguu mitupu. Nilifunga mawili."

"Amina," wakasema.

"Jumapili nyingine, Kitui mjini. Mtu wa kampuni ya magunia alikuwa pale. Aliniita pembeni akaniuliza kama nina viatu. Nikasema ninavyo. Sikuwa navyo. Huo pia ni uongo, nautaja."

Watu walitabasamu. Nikaona mgongo wake umenyooka kidogo kwenye kiti. Alitaja Jumapili aliyopewa jezi namba kumi, akiwa mdogo kuliko wote. Alitaja Jumapili aliyofanywa nahodha. Alitaja Jumapili aliyochaguliwa timu ya mkoa, wakacheza mvua inanyesha, na mpira ukawa mzito kama mtungi. Rangi ilikuwa inarudi usoni mwake. Vijana wa nyuma walikuwa wamesogea mbele kwenye mabenchi yao.

"Na ile ya 1971," akasema. "Mechi ya mwisho. Nilikuwa na thelathini na sita, sawa na mtu aliyenitangulia. Dakika zimekwisha, refa anaangalia saa. Tukapata kona. Beki wao alikuwa mkubwa kama ghala, amenishika jezi hapa. Mpira ukaja juu. Nikaushusha kwa kifua, hivi." Akajigusa kifua kwa kiganja. "Kipa akatoka. Uwanja mzima ulijua nitapiga. Sikupiga. Nikangoja. Nikamngoja mpaka akalala mwenyewe."

"Halafu?" Ilikuwa sauti ya Mzee Mbuvi.

"Halafu nikauchota tu, mzee. Ukapita juu yake polepole. Kama unamfunika mtoto blanketi."

"Bao!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata. Mzee Mbuvi mwenyewe alikuwa amepiga paja lake kabla ya kukumbuka alipo. Na Nzomo akacheka. Alicheka na meno yake yote, mbele ya mimbari, macho yake ya manjano yakiwaka. Nilimwangalia mama. Alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza.

Mchungaji Jonah aliinua mkono mpaka kimya kikarudi.

"Ndugu Nzomo," akasema, "unatubu au unatangaza?"

"Nimetaja kama mlivyotaka, Mchungaji."

"Umetaja. Lakini je, unajuta?"

Nzomo angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. "Kuna mengine najutia mpaka usingizi unanikimbia," akasema. "Hili, nikisema najuta, nitakuwa nimedanganya nikiwa ndani ya kutubu."

Wazee walitoka nje wakashauriana chini ya paa la jiko la kanisa. Waliporudi hawakumwangalia mama. Toba haikupokelewa. Arudi Jumapili ya meza ya Bwana, mwezi uliofuata, akiwa na moyo uliovunjika. Mchungaji Jonah alipokuwa akisema hayo machozi yalikuwa yanamtoka, na sina shaka yalikuwa ya kweli.

Mama hakumgombeza. Siku ya pili yake alivuta tena kigoda akaanza kumfundisha.

"Anza na soko la mifugo. Sema nilikosa."

"Nilikosa. Vijana wa Mutomo walikuja na ng'ombe..."

"Acha ng'ombe. Hao wanachekesha."

Kila alasiri, jua likiingia mlangoni, walirudia. Mama hajui kusoma, lakini anajua watu wanapocheka na kwa nini. Alimwondolea ng'ombe, akamwondolea viatu, akamwondolea mvua. Nzomo akisahau na kuinua mkono, yeye aliushika akaurudisha juu ya blanketi.

"Mikono chini."

"Kipa akatoka..."

"Usimtaje kipa."

"Nisipomtaja kipa, mwaitu, nilimfunga nani?"

"Hukumfunga mtu. Ulimkosea Mungu."

Siku za kwanza Nzomo alikuwa anatania. Alimwita mama kocha, akasema hata Nairobi hakufanyishwa mazoezi makali hivyo. Nilikuwa napika nje, nikawa nawasikia, na mara moja nilimsikia mama akikaribia kucheka naye. Lakini mama hakuchoka. Naye Nzomo alikuwa anaisha, na mtu anayeisha hana nguvu ya kushindana na mama yake. Utani ulipungua. Hadithi ikawa fupi, kisha ikawa fupi zaidi. Nikaanza kutamani asahau na kuinua ule mkono, ila hakuuinua tena.

Evanson alikuja kumtazama mwisho wa mwezi, amebeba machungwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Namba kumi! Nimekutana na dereva wa lori pale Kambu, anabishana eti lile bao la mwaka wa sabini na moja lilikuwa la kichwa. Nikamwambia wewe ni mjinga. Hebu niambie tena, nikamwaibishe vizuri."

"Jumapili moja mwaka wa sabini na moja nilicheza mpira," Nzomo akasema. "Nilikosa."

Evanson akacheka, akingoja. "Haya, endelea. Kona imepigwa."

"Sikumbuki kona."

"Mimi nilikuwa golini upande wa pili, nilikimbia uwanja mzima nikakuangukia! Ulinitukana kwa Kikamba!"

Nzomo alimwangalia kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za familia nyingine. "Nilikosa," akasema tena.

Evanson aligeuka akaniangalia. Nikampa kisu. Alimenya chungwa, akampa kipande kimoja kimoja mpaka likaisha, akaenda zake bila kuaga vizuri.

Mama alifurahi. Jioni ile aliniambia, "Kavata, kaka yako ameiva."

Nzomo alikufa Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili ya meza ya Bwana.

Mama alienda kwa Mchungaji Jonah mwenyewe, kwa miguu, nami nyuma yake. Hakukaa alipokaribishwa.

"Ametubu," akasema. "Nimemsikia kila siku mwezi mzima. Hata kipa amemwacha."

"Mama, Mungu anaujua moyo wake."

"Hata mimi naujua. Mimi ndiye niliyemsikia."

Mchungaji aliinamisha kichwa. "Lakini wewe si kanisa, Mama Syombua. Nikimwimbia yeye, nitawaambia nini wale niliowakatalia?"

Mama alifikiri juu ya swali hilo. Nadhani alikumbuka shemeji yake. Yeye ni mtu wa haki, na hakupata jibu, kwa hiyo tukarudi nyumbani.

Tulimzika Jumamosi. Waumini walikuja kama majirani. Walichimba vizuri, wakaleta kuni na maji, na Mzee Mbuvi alitoa ng'ombe. Wanawake wa ushirika wa mama walisimama kando ya ua wa mkonge wakiwa wamevaa vitambaa vyao vyeupe, midomo imefungwa. Mchungaji hakuja. Jeneza liliposhushwa, Evanson, aliyefika na wachezaji wawili wazee wa timu ile, alisogea mbele na kukohoa.

"Mimi si wa kanisa hili," akasema. "Lakini mtu huyu hawezi kwenda kimya. Mwaka wa sabini na moja..."

"Hapana," mama akasema.

"Mama, ni maneno machache tu."

"Alishayaacha hayo. Usimrudishie."

Evanson aliwatazama wenzake. Kisha akasema, "Alikuwa rafiki yangu," akarudi mahali pake.

Basi pakawa hakuna wimbo, na hakuna bao. Wanaume wakashika majembe. Kazi ilipokwisha watu hawakujua waondoke au wabaki, kwa maana kwa kawaida ni sala ya mwisho inayowaruhusu. Walisimama. Mama naye alisimama, anaangalia upande wa ua wa mkonge, kama mtu anayengoja wengine waanze kuimba. Alingoja sana. Mwishowe akanigeukia akaniambia chai itapoa, niende nikawagawie watu.