Presha ya Mama Mkwe

Fundi wa maabara alikuwa na mama wakwe wawili, na aliyemzoea kwanza alikuwa yule wa chuma.

Huyo wa chuma ni mashine ya kuchanganyia. Inachukua maji ya chumvi na pombe ya maabara, inavikoroga kwa kipimo, kisha pampu inavisukuma kwenye bomba jembamba linalotenganisha dawa na uchafu wake. Kiputo kimoja tu cha hewa kikiingia, mashine inanuna siku nzima. Chumvi ikiganda ndani, presha inapanda na kengele inalia. Haitaki haraka, na ukiikosea jambo dogo utalisikia wiki nzima. Basi fundi, kwa utundu wake, akaipachika jina la Mama Mkwe, na maabara nzima ikalipokea. Mdomo huponza kichwa, lakini alijiambia kuwa wa nyama na damu yuko mbali, atajulia wapi.

Wa nyama na damu akaja. Mke wa fundi alikuwa amepata nafasi ya kurudi chuo, na nafasi ile ilisimama juu ya neno la mama yake. Akikubali kukaa nao amlee mjukuu, binti anasoma. Akikataa, barua ya chuo ni karatasi tu. Siku ya tatu hiyo, mama hajasema ndiyo wala hapana. Fundi alikuwa na mapumziko, akatumwa mkate, akatoka mbio kama mkwe mwema, na simu akaiacha mezani.

Aliporudi alimkuta mama mkwe ameishika simu kwa mkono ulionyooka, miwani iko kwenye paji la uso. Mkewe alikuwa nyuma, amejiziba mdomo kwa nepi ya mtoto.

"Kaa, mkwe wangu," alisema mama. "Kuna mtu wa kazini kwako anaandika habari zangu." Akasoma kama anayesoma wosia. "'Mama Mkwe presha imepanda, imefika mia nne.' Ujumbe wa pili: 'Nimemzima.' Wa tatu: 'Bosi anasema kazeeka, atupwe tuletewe mpya.'" Akaiweka simu chini. "Na mimi hapa nakunywa chai."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alieleza, na kila alivyoeleza alizidi kujichimbia, maana ilibidi aseme pia jina lile lilitoka wapi.

"Ni jina la heshima, mama."

"Heshima gani?"

"Yule hataki mchezo."

Mkewe akakimbilia jikoni kuchekea huko. Mama akavaa viatu. "Twende nikamwone mwenzangu."

Walipofika maabara, dada wa zamu aliyetuma zile jumbe aliuliza mgeni ni nani. Fundi akamjibu ni mama mkwe. Dada akacheka, akidhani ni utani, halafu akaacha kucheka.

Kosa lilikuwa la dada: alipitisha pombe kabla ya kusuuza chumvi kwa maji. Vitu hivyo viwili havipatani, na chumvi ilikuwa imeganda ndani kama ukoko. Fundi akavaa glavu. Akaiwasha tena mashine, akapitisha maji matupu ya vuguvugu, polepole, akatoa chujio akaliosha, akalirudisha, akafungua vali hewa itoke. Kisha akaegemeza sikio kwenye pampu.

"Taratibu, mama," aliiambia mashine kwa mazoea, "hakuna anayekukimbiza." Alipokumbuka nani yuko nyuma yake, masikio yakamwaka moto.

Mia nne ikawa mia tatu, ikashuka hadi mia na ishirini, ikatulia. Akaandika kwenye daftari. Mama akalivuta lile daftari akalifunua: presha ya kila asubuhi, miaka minne, hakuna siku iliyorukwa.

"Ya huyu unaijua mpaka ya mwaka juzi," alisema. "Yangu ni ngapi?"

Fundi alilitazama daftari, kana kwamba imo humo. Hakujua hata kama anayo.

"Mia na tisini, wiki iliyopita. Daktari kanikataza kubeba kizito, na mjukuu wangu mmemlisha kanenepa. Nilikuja kuwaambia siwezi. Nikimtazama binti yangu na ile barua, neno linanikwama."

Fundi aliona aibu. Miaka minane alikuwa akimwogopa mama huyu, na kumbe kumwogopa kulimtosha, hakuwahi kumuuliza hali. Akavua glavu.

"Dawa unakunywa, mama?"

"Nikikumbuka."

Fundi akamtazama vile anavyomtazama mtu aliyesahau kusuuza. "Tunakwenda kliniki sasa hivi. Na mtoto nitambeba mimi. Nitaomba zamu ya mchana. Asubuhi yote ni yangu, nimwogeshe, nimlishe. Wewe utakaa naye akilala, na mama yake akirudi kutoka chuo atampokea."

Akamgeukia dada wa zamu. "Natoka. Mama mkwe presha imepanda."

"Mbona umeshaishusha?" alisema dada, macho kwenye mashine.

Fundi alikuwa ameshamshika mama mkono, wako mlangoni.

"Nitakaa," mama alisema walipofika kwenye ngazi. "Lakini usije ukaniandika kwenye daftari."

"Nitakuandika, mama. Kila asubuhi."

Mama akaguna. Akashuka ngazi mbili, akasimama apumue, na fundi akasimama naye bila kumharakisha.