Fundi Njo Anatanguliaka Kukaa

Kosa ilikuwa yangu, na niliifanya nikicheka. Sijapigaka muntu hata kofi. Miaka makumi mbili nilifundisha batoto bila fimbo. Lakini siku ile, ku mwalo ya Mboko, pale mitumbwi inafikiaka ku ziwa, nilifungua kinywa, na mume wa muntu akaenda.

Jina yangu ni Patrice, bananiitaka Mwalimu. Diplome yangu nimeifunga mu plastiki, panya isiikule. Kinywa yangu njo sijaifungaka mu kintu.

Ilikuwa masaa tatu ya asubui. Ziwa ilikuwa na rangi ya majivu, na hakukuwa hata upepo. Niliona bamama ba ndagala banakusanya samaki yenye haijakauka bado, haraka haraka, bila mumoja kusema neno. Mama mwenye ameacha kubishana bei, mi namuogopaka kuliko mvua. Nikageuka. Bantu saba benye bunduki walikuwa banashuka kutoka ku barabara. Mwenye alikuwa mbele, komanda, alivaa sandale mbili za plastiki, moja ya kijani, moja ya bleu. Niliiona ile miguu, karibu nicheke. Kisha nikaona macho.

Boti yao, yenye ilikuwa pale ku muchanga, ilikuwa imepasuka chini.

"Fundi iko wapi?" komanda aliuliza.

Fundi yetu sisi bote ni muzee Albert. Na muzee Albert alikuwa amepanda Fizi, ku kilio ya dada yake. Vyombo vyake aliviachia Wilfried, mwanaume wa miaka makumi tatu na mbili, baba ya batoto wawili. Miaka tisa alikuwa anaziba mitumbwi pembeni ya Albert. Lakini hakuna muntu alimuitaka fundi. Kwetu ile jina haujipatie mwenyewe. Unaziba mutumbwi peke yako, kisha unaingia wa kwanza, unakaa chini kabisa, matako ku mbao, banakusukuma mu maji. Mwenye alikufundisha anasimama ku inchi kavu. Ukirudia na suruali kavu, anakuita ile jina mbele ya bantu. Mbele ya ile siku, we ni Wilfried tu.

Na Wilfried alijibu vile alifundishwa. Aliangalia chini, akasema:

"Fundi haiko, komanda. Mungojee kesho kutwa."

Ile jibu ingemuokoa. Wangetukana, pengine wangepiga mumoja wetu teke, na wangeendelea mpaka mwalo ingine kutafuta fundi. Lakini mi niliona uso za bale bantu zinakaza, nikafikiri kicheko kidogo itazilegeza. Na tena, niseme ukweli, nilikuwa nataka kumupa Wilfried zawadi. Miaka tisa ni mingi.

"Ah, komanda, musimusikie huyu! Ni haya tu inamushika. Njo fundi mwenyewe!"

Wilfried aliniangalia. Kisha akachukua nyundo ya miti.

Alifanya kazi masaa ine. Pamba aliilowesha mu mafuta ya mawese, anaiingiza mu mupasuko, anapiga, anaweka sikio ku mbao, anapiga tena. Hakuna mwenye alisema. Ile kimya ilinipanda ku shingo, na mi kimya siijuake. Nikaanza somo.

"Komanda, munajua ile neno fundi inatoka wapi? Inatoka kwa kufunda. Kufundisha. Fundi si muntu mwenye mikono tu. Ni muntu bamefunda, na yeye ataweza kufunda mwingine."

"Endelea, Mwalimu," komanda alisema.

Nikaendelea. Mungu anisamehe, nikaendelea.

"Na huku kwetu, fundi njo anatanguliaka kukaa ndani. Kama mbao inavuja, matako yake njo inapata habari mbele ya yenu!"

Walicheka bote. Komanda naye. Lakini yeye njo alitangulia kuacha kucheka.

"Ni mila ya muzuri," alisema. "Basi fundi atatangulia. Atakaa ndani mpaka ng'ambo."

Nikasema hapana, mila ni kuzunguka kidogo tu na kurudia. Nikasema iko na batoto. Nikasema nilikuwa natania. Mumoja wao aliniweka mukono ku bega, pole pole, sawa vile unatuliza muzee mwenye malaria.

Wilfried alikunja suruali. Aliingia, akakaa chini kabisa. Wakasukuma. Boti ilikuwa imefika mbali, mi nasimama mu maji mpaka ku magoti, nikasikia sauti yake. Haikuwa ya woga. Ilikuwa na furaha ndani, njo inaniumizaka mpaka leo.

"Mwalimu! Iko kavu!"

Muzee Albert alirudia kisha siku mbili. Nilimuelezea yote. Aliuliza vintu mbili tu.

"Alikaa chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Na maji?"

"Alisema iko kavu."

Muzee aligeukia ziwa. "Basi hawatamuachilia," alisema.

Alikuwa na haki. Fundi mubaya angerudia nyumbani ile siku na kofi mbili, analowa. Sasa imepita miezi munane. Bavuvi banasemaka walimuona upande ya Ubwari, iko anaziba mitumbwi ya bale bantu, amekonda. Mboko yote inamuitaka fundi Wilfried. Bibi yake, Félicité, hajawahi kutamka ile jina ya fundi.

Siku ya Mungu yenye ilipita, kisha kanisa, alikuya kwangu na karatasi yenye namba ya simu ya komanda. Muvuvi mumoja alimupatia. Alikataa kiti.

"Mwalimu, we njo ulibaambia. Sasa ubaambie ulidanganya."

"Félicité, kazi yake ni ya muzuri. Banaiona kila siku."

"Ubaambie ni mubaya."

Nikapiga. Ililia mara sita, mara saba. Muntu akaishika, bila kusema alo. Nilisikia pumuzi.

"Komanda? Ni mi, Mwalimu wa Mboko. Nilidanganya siku ile. Ule muntu si fundi. Hakuna mwenye alimufundisha, hajui kintu, boti zenu zitazama. Mumurudishe kwao."

Pumuzi ilikuwa pale pale. Félicité alikuwa ananiangalia kinywa.

"Komanda, tafazali. Mumurudishe."