Mji Niliompa Ahlam

Mwanangu kazaliwa mweupe, kila akikua anakanyaga masizi.

Kitendawili hiki nilikitunga mwenyewe nikiwa darasa la tatu, na nje ya nyumba yetu hakuna anayekijua. Jibu lake ni paka wa Siamu. Paka huyu huzaliwa mweupe kama nazi iliyokunwa, kisha siku zinavyokwenda masikio, pua, mkia na miguu vinaingia weusi, utadhani alikuwa anachungulia vyungu jikoni. Macho yake ni ya samawati. Na sauti yake si ya paka. Ni ya mtoto aliyeamka akamkosa mama yake.

Wa kwanza tulipewa na bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa mtaani petu hapa Bagamoyo, mwaka ule walipofunga duka wakahama. Alikuja mlangoni amembeba kikapuni. "Raya," akaniambia, "huyu ndegeni hapandi. Mchambulie samaki miiba, mifupa haijui." Nilikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo mpaka mwaka huu sikuwahi kulala nyumba isiyo na paka wa Siamu. Nilipoolewa na marehemu Alawi nilikwenda kwake na sanduku la nguo na paka, na mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini: "Jamani, bibi harusi kaja na mtoto tayari!" Paka hao walizaa na mapaka ya mtaani, wakatoka wa kila rangi, lakini kila uzao alikuwamo mmoja mwenye macho ya samawati, na huyo ndiye tuliyekuwa tukimbakisha. Tukawapa majina ya vito: Almasi, Feruzi, Marijani. Wa mwisho alikuwa Yakuti.

Yakuti alipewa jina na binti yangu Shufaa. Shufaa alipokuwa na mimba ya Ahlam, paka alikuwa akilala juu ya tumbo lake. Mtoto akipiga teke, paka anainua kichwa, anatutazama sote kama anayeuliza nani kafanya hivyo. Shufaa alifariki Ahlam akiwa na miaka mitatu. Baba wa mtoto yuko Pangani na mke mwingine. Ahlam akabakiwa na mimi na Yakuti, basi.

Sasa Ahlam ana miaka tisa. Kila alasiri akirudi chuoni, kwenye Kurani, tulikuwa tukitegeana vitendawili, paka katikati yetu, shingoni ana uzi wa ushanga wa buluu aliotungiwa na Ahlam mwenyewe.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana meno, hana tumbo. Anakula nazi, hashibi."

Jibu nalijua, lakini najifanya nimekwama. "Hili gumu, mjukuu wangu. Nimeshindwa."

"Nipe mji!"

Ndivyo mchezo wetu ulivyo. Ukishindwa unampa mwenzako mji, anautembelea kwa mdomo, kisha ndipo anakutajia jibu.

"Haya, chukua Pangani."

"Pangani nimekwenda, baba hakuwepo, nimerudi. Jibu lake mbuzi ya kukunia nazi!"

Alikuwa akisema hivyo huku anacheka. Mimi ndiye nisiyecheka.

Masika yaliyopita kifua cha Ahlam kikaanza kupiga filimbi. Akipanda ngazi mbili tatu anasimama, anashika ukuta. Nikampeleka zahanati. Daktari kijana, mpole, akampima, akasema ni pumu, kisha akaniuliza maswali.

"Bibi, mnapikia kuni?"

"Hapana, mwanangu. Kijana wangu Majid kaninunulia jiko la gesi."

"Kuna moshi wowote ndani ya nyumba?"

"Hakuna."

"Mnafuga mnyama?"

"Paka mmoja."

Akaandika. Akasema watoto wengine huchokozwa na manyoya, nijaribu kumweka paka nje ya chumba wiki chache, tuangalie. Akampa mtoto dawa ya kuvuta. Hayo tu ndiyo aliyosema. Hakusema nimtupe. Nataka hilo nalo liandikwe.

Nilimfungia Yakuti uani. Akalia. Paka mwingine akifungiwa analia kisha anachoka. Huyu alikaa mlangoni akalia kama mtu aliyefiwa, na Ahlam naye kwa ndani analia, na akilia kifua ndio kinabana. Mwanangu Majid akapiga simu kutoka Dar.

"Mama, mtoto anaendeleaje?"

"Anajitahidi."

"Na paka?"

Nikautazama mlango wa uani.

"Mama, unapima nini hapo? Mtoto wa marehemu dada yangu au paka?"

Neno hilo liliniingia. Nikampigia wifi yangu Thuwaiba wa Mlingotini, nikambembeleza amchukue.

"Wifi, mimi na wewe damdam," akasema, "lakini paka anayelia kama mtu simtaki. Majirani watasema nafuga kitu. Halafu Marijani wako si uliniletea, siku ya nne akarudi kwako kwa miguu?"

Kweli alirudi. Nikauliza kwa wengine, kila mmoja ana sababu yake. Ni mzee, ana kelele, anachambuliwa samaki kama bwana harusi.

Kwetu paka hauawi, ni dhambi kubwa. Akikushinda unamtupa, na kumtupa kuna taratibu zake: unamtia guniani asione njia, unampeleka mbali, unamwacha penye chakula. Hapo mtu anajiambia mikono yake safi. Nikamfikiria Amiri, jirani yetu mwenye kanta ya kupeleka nazi Msata na Chalinze. Msata magari yanasimama, nyama zinachomwa kutwa. Nikajiambia, atakula vizuri kuliko kwangu.

Amiri alikuja asubuhi, Ahlam yuko shule.

"Shikamoo, bibi Raya."

"Marahaba, mwanangu."

Akaliangalia gunia linavyocheza. "Mzigo wako huu una tiketi? Mbona unalia?"

"Amiri, usinichekeshe leo."

Akaacha utani. Kabla sijamtia Yakuti guniani nilikuwa nimekata uzi wa ushanga shingoni mwake. Nilifanya hivyo ili mtu wa Bagamoyo akipita Msata asimtambue, habari zikamrudia mtoto. Ushanga nikaufunga kwenye pindo la kanga. Yakuti hakunikwaruza. Aliingia guniani kama alivyozoea kuingia kila kitu nilichokishika mimi.

Ahlam aliporudi nikamwambia, "Yakuti yuko kwa bibi Thuwaiba, Mlingotini. Ukipona tutamfuata."

"Kweli, bibi?"

"Kweli."

Sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo, kwa hiyo aliniamini mara moja.

Ili kuitoa harufu ya paka nikaifukiza nyumba vizuri. Ubani na udi nilikuwa nafukiza tangu zamani, kila magharibi, chumba kwa chumba. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Tangu kifua cha mtoto kianze, chetezo cha makaa nilikuwa nakisimamisha chini ya kitanda chake, nimsomee nikimfukiza, maradhi yatoke. Sasa nikaongeza. Siku tatu mfululizo, asubuhi na magharibi.

Siku ya nne saa tatu asubuhi Ahlam alikuwa hawezi kumaliza neno moja. Midomo imebadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali. Wakamvalisha kinyago chenye mashine ya mvuke wa dawa, na nesi mmoja, jina lake Arafa, akakaa nasi mpaka pumzi zikatulia. Kisha akainama karibu yangu kunirekebishia mtandio.

"Bibi, unanukia udi, mashaallah. Unafukiza mara nyingi?"

"Kila siku. Na huyu mgonjwa namfukizia kitandani kabisa, apate nafuu."

Akauachia mtandio. Kisha akanishika mkono kama anashika wa mama yake. "Bibi yangu, huo ndio moshi."

Nilimsikia, lakini maneno hayakuingia. Moshi kwangu ni wa kuni, unaotoa machozi, unaotia masizi. Ule mwingine ulikuwa harufu njema tu. Ulikuwa dua. Niliulizwa na daktari, nikajibu hakuna, na nilikuwa nasema kweli yangu yote.

Nilirudi nyumbani, nikamwaga makaa, nikakipeleka chetezo stoo. Wiki moja, filimbi imepungua. Wiki mbili, Ahlam anakimbia mpaka dukani na kurudi. Nikajiambia, labda ni yote mawili, moshi na paka. Nilijishikilia hapo kama mtu anayeshika ukuta.

Halafu nikatandika kitanda chake. Ndani ya foronya, chini kabisa, nikakuta kipande cha kanga kuukuu, kile alichokuwa akilalia Yakuti uani. Kimejaa manyoya, meupe na meusi. Ahlam alikificha siku ile ile aliporudi kutoka shule akamkosa paka. Wiki zote hizo alikuwa analala amekiweka puani, na kifua chake kilikuwa kinapona.

Nilikaa kitandani pale na kanga mkononi mpaka adhana ya adhuhuri ikapita.

Kesho yake nikapanda kanta ya Amiri. Msata akanionyesha pale alipomwacha, mbele ya banda la nyama choma, karibu na tuta la barabarani. Nikashuka, nikaanza kuita. "Yakuti! Yakuti!" Nikapita nyuma ya mabanda, nikainama chini ya magari, nikaita kwenye mitaro. Nyumbani alikuwa akiitika kabla sijamaliza jina. Wapiga debe wakacheka: "Bibi, mjukuu kapotea? Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," nikawaambia. Wakaacha kucheka.

Mchoma nyama, mtu wa makamo mwenye aproni, akaweka kisu chini.

"Mama, unamtafuta paka? Mweupe, kama kavaa soksi nyeusi?"

"Huyo huyo."

"Alikuwapo hapa siku tano." Akajifuta mikono, hanitazami. "Sisi tulikuwa tunamtupia mifupa, anainusa, anaiacha. Tukasema hana njaa. Lakini alikuwa anakonda. Kila gari likisimama anakwenda mlangoni, anamtazama kila anayeshuka, uso kwa uso, analia. Likiondoka anarudi hapo kwenye tuta. Watu walikuwa wanamshangaa. Siku ya Ijumaa alimwona mama mmoja ng'ambo, kajifunga kanga kama hii yako. Akavuka."

Amiri akasema, "Bibi, tuondoke."

"Mwache aseme," nikamwambia.

"Roli halikumwona, mama. Tusiseme uongo, halikumtesa. Tukamfukia huku nyuma, maana kiumbe hakiachwi barabarani." Akanipeleka. Palikuwa na udongo ulioinuka kidogo, karibu na pale wanapomwaga majivu ya jiko. "Hakuwa na chochote shingoni. Tukasema hana mwenyewe."

Ushanga ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Niliugusa, nikauacha pale pale.

Nilirudi nyumbani alasiri. Ahlam alikuwa amekwisha toka chuoni, amekaa penye mkeka wetu, amechangamka, kavaa gauni lake la Idi.

"Shikamoo, bibi. Nimevaa kabisa. Umesema nikipona tutakwenda Mlingotini. Nimepona. Sikiliza." Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akanitazama ashangiliwe.

"Marahaba. Nimesikia, mama."

"Kesho tunakwenda?"

Nikakaa. Akadhani nimechoka, akataka kunichangamsha.

"Kitendawili!"

"Tega," nikasema, kwa mazoea ya mdomo.

"Mwanangu kazaliwa mweupe, kila akikua anakanyaga masizi."

Kitendawili changu. Jibu lilikuwa mdomoni tangu darasa la tatu, na sikuweza kulitoa.

"Bibi! Hiki umekitunga mwenyewe!" Akacheka. "Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Ningeweza kumpa Mlingotini. Ningeweza kumwambia Thuwaiba kasafiri naye, au Yakuti katoroka, au kafa kwa uzee katika mkeka mzuri. Nilizipanga zote kichwani, na zote zilikuwa zinafaa. Nikamtazama kifua chake kinavyopanda na kushuka, taratibu, bila tabu.

"Msata," nikasema.

"Msata nimekwenda, nimekula nyama choma, nimekunywa soda baridi, nimerudi. Jibu lake Yakuti!"

Nikafungua pindo, nikauweka ule ushanga juu ya mkeka.

Aliutazama muda mrefu. Aliutambua, aliutunga kwa mkono wake. Kisha nikamweleza, tangu swali la daktari mpaka penye majivu. Sikumficha gunia. Sikumficha kwamba ushanga niliukata mimi, na kwa nini. Nilipomaliza akausukuma ushanga ukarudi upande wangu.

"Huo mji siutaki," akasema. "Nipe mwingine."

"Sina mwingine, mjukuu wangu."

"Nipe Mlingotini."

"Mlingotini hayupo."

"Nipe tu, bibi."

Nilinyoosha mkono nimshike, akajisogeza nisimfikie. Akaingia chumbani, akaufunga mlango. Nikasogea, nikakaa chini upande huu wa mlango, pale pale alipokuwa akikaa Yakuti alipofungiwa. Nikaweka sikio kwenye ubao.

Alilia mpaka magharibi. Nilisikiliza kila pumzi, na kifua chake hakikupiga filimbi hata mara moja.