Mwanga Tumboni mwa Farasi

Kila asubuhi, kabla hajaonja hata chai, Kyakimwa alimimina vijiko vinne vya mafuta ya samaki kwenye pumba za ngano, akatia konzi ya ulezi ulioota, akakoroga kwa mkono mpaka harufu ya ziwa ikajaa zizi zima. Farasi dume alikula akiwa amefumba macho. Kyakimwa alijiziba pua, maana harufu ile haikuwa na adabu hata kidogo.

Dume huyo aliachwa na mzungu mwenye shamba la kahawa aliyekimbia vita vya kwanza vya nchi ile, akaangukia mikononi mwa Lusenge, mume wa Kyakimwa. Sasa vita vya pili vilikuwa vimeila barabara ya Beni, malori yamelala, na Butembo nzima ilimezea mate mtu yeyote mwenye farasi wa kubeba mizigo. Tatizo ni kwamba dume hakuzalisha. Jike wa kwanza alikaa mwaka mzima bure, akarudishwa kwa mwenyewe kwa namna ile ile ambayo ukoo wa Lusenge ulirudisha wanawake: wazee wawili mbele, kuku mmoja mkononi, na maneno ya upole. Jike wa pili alirudishwa vivyo hivyo, na kuku wake.

Wa tatu alipofikisha miezi minane bila mimba, alikuja Abdias, mganga wa mifugo, na hadubini yake ndani ya gunia. Alichungulia kwa muda mrefu, kisha akajifuta jicho.

"Bale bajike bote habana kosa," alisema. "Mbegu ya dume njo imelala."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Mama Orpa, mama mkwe wa Kyakimwa.

"Mumukulishe. Mafuta ya samaki ya Kyavinyonge, kule ziwani, siku makumi sita. Donc, mbegu inaomba muda."

Hakuna aliyebisha. Kyakimwa peke yake ndiye aliyezihesabu siku hizo kwa vidole, kwa sababu alikuwa na miaka sita katika nyumba ile bila mtoto, wazee wawili walikwisha kutajwa, na kuku alikwisha kufungwa mguu nyuma ya jiko.

"Mama," alisema jioni ile wakichambua maharage, "na bwana yangu? Tusimupatiye na yeye kijiko?"

"Lusenge hapana farasi," alijibu Mama Orpa, akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharage.

Siku sitini zilipotimia, jike alishika mimba, na juma lile lile tumbo lake likaanza kuwaka. Giza lilipoingia, mwanga wa manjano ulitoka mbavuni mwake kama taa nyuma ya pazia, na ndani yake alionekana mwana-farasi, amesimama kwa miguu yake minne, akila majani. Ulikuwa mwanga mzuri kupita kiasi. Waliouona walishusha sauti bila kuambiwa. Na kwa kuwa mafuta ya taa hayakuwa yakifika tena kutoka Kasindi, mshonaji Jéthro alileta cherehani yake, kwaya ikaleta vitabu, na askari wa kizuizi cha barabarani wakaja kusafisha bunduki, wakiomba radhi kwanza.

Mwezi wa pili mwanga ulikomaa, ukaanza kupita ndani ya watu. Askari mmoja aliona risasi ya zamani chini ya ubavu wake, akasema kumbe iko pale. Kisha Kyakimwa akaingia na ndoo, na tumboni mwake kila mtu aliona chumba kidogo kilichofagiliwa, mkeka umetandikwa, kigoda kimewekwa, na beseni la maji safi limefunikwa. Nyuma yake alikuja Lusenge. Ndani ya Lusenge mlikuwa na ghala tupu, mlango wazi, vumbi likizunguka sakafuni.

Jéthro aliacha kushona. Abdias alivua kofia. Kyakimwa alijitazama, akalia kwa furaha mbele ya watu wote: alikuwa mzima, siku zote zile za miaka sita alikuwa mzima, na hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Tumeona," alisema Mama Orpa kwa sauti ya kanisani. "Mungu iko mukubwa."

Alhamisi wazee wawili walikuja wamevaa makoti. Mmoja alikisifu kile chumba, akasema hajawahi kuona kilichofagiliwa namna ile. Kisha wakamwomba Kyakimwa afunge nguo zake.

"Lakini mumeona, baba. Kosa haiko kwangu."

"Tumeona, mwana," alisema mzee kwa huruma ya kweli. "Mais Lusenge tutamurudisha wapi? Yeye njo wa hapa."

Lusenge alikwenda nyuma ya jiko kumleta kuku. Mama Orpa aliomba aachiwe vipimo vya chakula cha dume, na Kyakimwa akamwonyesha: vijiko vinne, konzi moja, ukoroge mpaka zizi linuke.

Wazee na Kyakimwa waliondoka mchana kuelekea Kalunguta, kwa baba yake, Eliezer. Walimchukua na jike, ili giza likiwakuta njiani awamulikie. Likawakuta karibu na nyumbani. Eliezer alitoka mlangoni, akamwona mwanawe katika ule mwanga, akakiona na chumba. Alikitazama mpaka machozi yakamtoka.

"Ingia, mwana. Chakula iko."

Kisha akampokea kuku, kwa kuwa hakutaka kuonekana hana heshima. Wazee waligeuka na jike kurudi, na tumboni mwake mwana-farasi aliinua kichwa na kumtazama Kyakimwa hadi mwanga ulipozama nyuma ya kilima.

Mwaka uliofuata alizaliwa mwana-farasi mwenye afya, na majike wengine wawili wakawa wanawaka. Dume aliendelea kupewa vijiko vyake vinne kila asubuhi. Mkorogaji sasa alikuwa Ornella, mke mpya wa Lusenge, msichana mchangamfu ambaye ndani yake mkeka ulikuwa umetandikwa vizuri, wote waliuona. Na nyuma ya jiko Mama Orpa alikuwa ameanza kufuga kuku mwingine.