Ushanga wa Kapitene

Mambo yote yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi, kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anashuka na ndege.

Jina la mkubwa huyo Anaclet hakulijua, na mpaka leo hataki kulijua. Wakubwa wanashuka, wanapanda, jina ni la kazi gani? Alichojua ni kwamba mkewe Dorine alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, kichwa juu ya mapaja yake, pumu imemkaba tangu alfajiri, na polisi wamefunga kamba kutoka upande huu wa barabara mpaka ule.

Alishuka akamkimbilia polisi aliyesimama penye kamba.

"Chef, bibi yangu anakufa. Utupitishe, tunaenda ku hospitali."

Polisi akamtazama, halafu uso ukamfunguka kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake.

"Ee! Si weye njo Kapitene? Kapitene wa ku paroisi? Yaya, ulinilizishaka miye! Vile unakufaka pale ku mulango ya muji! Ile siku nilikataa hata kula bukari!"

"Chef, kamba."

"Kapitene, we mwenyewe unajua, hii ni amri. Mukubwa akipita tu, nafungulia weye wa kwanza. Wa kwanza kabisa!"

Na neno lake alilitimiza. Magari meusi yalipita na ving'ora vyao, vumbi likapanda, likashuka. Polisi akaifungua kamba, akampigia Anaclet saluti, ile ile ya Kapitene kwenye mchezo wa kuigiza wa parokia. Lakini Dorine alikuwa ameacha kuhangaika. Dereva wa teksi alizima mashine mwenyewe, bila kuambiwa.

Lazima tuseme hilo jina la Kapitene lilitoka wapi.

Babu yake Anaclet aliletwa na treni kutoka kaskazini, kuja kuchimba shaba ya watu. Baba yake alizaliwa Lubumbashi, yeye mwenyewe alizaliwa Lubumbashi, kitovu chake kilizikwa Lubumbashi. Lakini kwa wenye udongo, wale ambao babu zao walilima hapa kabla ya mgodi, mtu aliyeletwa na treni bado hajashuka, hata mjukuu wake bado yuko ndani ya behewa. Shule Anaclet aliiacha mapema, akawa mfyatua matofali. Kitu kimoja tu Mungu alimmiminia bila kupima: sauti.

Sauti hiyo ndiyo padri wao wa mtaa wa Ruashi, Abbé Adalbert, aliyoisikia misani. Parokia ilikuwa na mchezo mmoja wa huzuni, wa kale, waliouacha mapadri wa zamani, na watu wakaugeuza kwa Kiswahili cha pale. Ulichezwa kila sikukuu ya parokia. Kisa chake kila mtoto wa Ruashi anakijua: Kapitene mgeni anakuta mji umezungukwa na adui, anauokoa, mji unamshangilia, anapewa binti wa mfalme. Halafu mvua inakataa. Wazee wa mji wanasema ni mguu wa mgeni. Wale wale waliomshangilia wanamfukuza, anafia mlangoni, na wazee wanamnyima hata udongo wa kulala.

Kapitene, siku zote, alichezwa na mtu wa kaskazini. Sheria haikuwepo. Ilitokea hivyo tu, kama vile mvua inavyoijua nyumba yenye bati bovu. Na kabla ya kuingia jukwaani alipakwa makaa yaliyotwangwa na mawese, uso mzima mpaka shingoni.

"Abbé," Anaclet aliuliza mwaka wa kwanza, "si tuko bote beusi hapa? Makala ni ya nini tena?"

"Ni juu bantu baone mbio nani njo mugeni," Abbé akajibu, akacheka. Naye alikuwa wa wenye udongo.

Aliyempaka hayo makaa ni Dorine, binti wa mzee Chisanga. Alipaka polepole. "Fumba macho, mugeni yangu," alikuwa anamwambia, na mchezo ukiisha alimfuta nyuma ya masikio kwa ncha ya kitenge chake. Mapenzi yao yaliingilia hapo, nyuma ya masikio.

Mzee Chisanga alikuwa ndugu ya chifu, mwenye mashamba nyuma ya Ruashi, na kiti chake kilikuwa cha mbele. Kila mwaka Kapitene alipokufa, mzee alisimama na kitambaa machoni, akapiga kelele mpaka wachezaji wakasahau maneno yao: "Mumupatie udongo! Huyu alituokoa! Banyie bazee, hamuna roho?" Watu walisema Ruashi nzima hakuna anayejua kulia kama Chisanga.

Anaclet aliyaona machozi yale, akadhani ni yake. Alichukua wajomba zake, akachukua mbuzi, akaenda kuposa.

"Kapitene ni wa kule ku podium," mzee alimwambia, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mwingine njia. "Hapa pa kwangu weye ni muntu wa treni. Uchukue mbuzi yako, isikule maua yangu bule."

Dorine alimfuata hivyo hivyo. Abbé aliwafungisha ndoa katikati ya wiki, kanisa tupu kama mfuko wa mwalimu.

Miaka ikapita. Halafu kampuni moja ya mgodi ikatuma mashine zake kuja kula shamba la Chisanga. Chifu alikuwa ameshatia sahihi, wakubwa wa komini, ile serikali ya mtaa, wameshapangusa midomo, hakuna aliyesema kitu. Hapo ndipo mzee alipomkumbuka muntu wa treni. Anaclet alikwenda akasimama mbele ya mashine, akaipandisha ile sauti mpaka Ruashi ikatoka nje na masufuria yake, na mashine zikarudi zilikotoka. Nusu ya shamba ikapona.

Jioni ile wanaume wa ukoo walikunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kibuyu kimoja, kikizunguka mdomo kwa mdomo. Anaclet alipewa wa kwake kwenye kopo la plastiki.

"Usikasirike," Dorine alimwambia njiani. "Papa anakuzoea pole-pole."

"Ananizoea vile bantu banazoea vumbi ya Ruashi. Kila asubuhi banaipangusa."

Dorine akacheka mpaka akakohoa. Tangu wakati ule kifua chake kilikuwa kinamsumbua.

Basi, sasa Dorine amekufa. Ukoo ulikuja kumchukua, ukamzika kwenye ile nusu ya shamba iliyopona. Anaclet aliketishwa nyuma, chini ya hema, pamoja na wageni waliokuja kutoa pole.

Akangoja. Kwa wenye udongo, mwanaume aliyefiwa haachwi hivi hivi. Kilio kikiisha, wakwe wanamketisha kwenye mkeka. Shangazi wa marehemu anampaka unga mweupe kwenye paji la uso, anamfunga ushanga mmoja mweupe mkononi, anamwambia: "Enda. Mutoto yetu hana neno na weye." Asiyefungwa anabaki na maiti mgongoni. Watu hawali naye sahani moja, akina mama wanamwondolea watoto njiani. Hayo Anaclet hakuyaogopa. Kula peke yake alishazoea. Ushanga aliutaka kwa sababu moja: anayefungwa ni mkwe, hafungwi mtu mwingine. Alitaka wakubali mara moja tu, hata kwa mkono, mdomo ubaki umefungwa, kwamba Dorine alikuwa bibi yake.

Mama Mwape, shangazi yake Dorine, alitoka nyumbani ameshika sahani ya unga, na ushanga umelala juu ya unga.

"Mwape," mzee Chisanga, kaka yake, akamwita. "Unapeleka wapi?"

"Kwa mukwe, yaya."

"Mukwe gani? Huyu hatukumufungaka mu ukoo. Muntu mwenye hukufunga, unamufungula namna gani?"

"Yaya, Dorine alipikia huyu bukari mpaka nywele ikakuwa mweupe."

"Alipika ku bugeni."

Abbé Adalbert alikuwepo. Aliangalia viatu vyake, na vilikuwa viatu vizuri. Chifu naye alikuwepo, anatafuta kitu kwenye simu.

Anaclet akasimama.

"Papa," akasema, "ile siku mashine ilikuya, ni nani aliniita? Si weye? Niliuliza kama nitalipwa nini? Nilisimama. Ingenipita juu ya mwili, ningekuwa nimelala mu hii shamba kabla ya Dorine. Leo siombi shamba. Siombi hata kivuli ya muti yenu. Naomba kale kantu kadogo, kale kanalala pale juu ya unga."

Sauti ilipanda yenyewe, njia yake inaijua. Akasikia mama mmoja analia kwa nguvu. Mwingine akapiga vigelegele. Na kutoka nyuma ya hema mtu akaita, "Kapitene! Oye, Kapitene!" na makofi yakaanza. Makofi, kwenye kilio.

Mzee Chisanga alitoa kitambaa mfukoni. Machozi yalikuwa ya kweli, yalimshuka mpaka kwenye ndevu.

"Huyu muntu anajua kusema," alimwambia Mama Mwape, anajifuta. "Rudisha sahani."

Sikukuu ya parokia ilipokaribia, Abbé Adalbert alikuja kwenye tanuri la matofali, ameinua kanzu isishike matope.

"Kapitene, bantu banakungojea. Itakusaidia kutosha ile huzuni mu roho."

"Mutafute mwengine."

"Usikuwe muntu wa kinyongo, ndugu yangu."

"Abbé, weye njo ulitufungisha ndoa. Ile siku ya sahani, mudomo yako ilikuwa wapi?"

Abbé akakohoa. "Mambo ya ukoo, kanisa haiingiliaka."

"Kweli. Kanisa inaingiliaka mu makala tu."

Walimpata Franck, kijana fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye babu yake naye alishuka treni ile ile. Anaclet alisema hatakwenda. Akaenda. Alisimama nyuma kabisa, penye wauza karanga.

Franck alikuwa amepakwa vibaya. Makaa yalimwishia kwenye taya, na sikio moja liling'aa kwa mawese matupu. Hakuna aliyempaka kwa mapenzi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Lakini kufa alijua: alianguka mlangoni pa mji mkono umenyooka, vidole vinatafuta kitu mchangani, na uwanja mzima ukashika pumzi. Wazee wa mchezo wakatingisha vichwa vyao vya pamba nyeupe, wakamnyima udongo.

Kwenye kiti cha mbele mzee Chisanga akasimama, kitambaa mkononi.

"Mumupatie udongo! Huyu alituokoa! Banyie, hamuna roho?"

Watu wakaanza kulia. Kando ya mzee, Mama Mwape hakulia. Aliketi ameshika fundo dogo, kama la ushanga mmoja, kwenye pembe ya kitenge chake, pale akina mama wanapofunga vitu vidogo wasivyotaka vipotee.

Anaclet akapita katikati ya viti. Uso wake ulikuwa safi, hauna makaa. Wengine walimwona wakatabasamu, wakagusana viwiko, wakidhani Abbé ameongeza kipande kipya. Abbé mwenyewe aliinuka nusu, akaketi tena. Jukwaani Franck aliyekuwa amekufa alifungua jicho moja.

Anaclet alisimama mbele ya kiti cha mzee. Safari hii hakuipandisha sauti. Alisema kama mtu anavyosema na baba mkwe wake nyumbani, na kwa sababu uwanja ulikuwa umenyamaza, kila mtu alisikia.

"Papa mukwe, huyu anakufa bongo, ya muchezo tu, akiisha anaamuka, anaenda kunawa. Miye ile maiti iko ku mugongo yangu mpaka leo. Sasa uniambie mbele ya hii bantu: miaka yote hii unatoaka kitambaa, unaliaka juu ya nani?"