Wigo wa Milango Miwili

Barua ilifika Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1976, ikiwa na muhuri mkubwa wa rangi ya zambarau. Mwenyekiti Ngeleja alipouona muhuri ule, hakungoja jambo lingine. Aliinua karatasi juu mbele ya watu waliokusanyika penye godauni la pamba, akatangaza kwamba serikali imekubali kuwakodisha kiwanja.

"Nyie vijana!" alipaza sauti. "Kamateni yule ng'ombe dume mweusi. Leo kijiji kinakula nyama!"

Vigelegele vilipasuka. Katibu wa kijiji, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma barua, alikuwa amekwenda msibani Mwandoya, na hakuna aliyeona haja ya kumngoja. Muhuri umeonekana, nani apigaye muhuri juu ya neno la kukataa?

Ng'washi hakupiga kigelegele. Alikuwa na jambo lililomzuia kufurahi kabla ya wakati. Mwaka uliotangulia binti yake, Minza, alishikwa na uchungu, wakambeba juu ya kitanda maili kumi na moja kuelekea hospitali. Mtoto alizaliwa njiani, kando ya mto mkavu, na hakulia. Sasa Minza alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minane. Basi la Bariadi lilipita hapo kila siku likiwaachia vumbi tu, kwa sababu barabara ilikuwa juu ya tuta jembamba, na shirika la mabasi lilikuwa limesema wazi: basi halitasimama juu ya tuta. Litaingia katika kiwanja kilichokuwa kambi ya watengeneza barabara, endapo kijiji kitapata hati ya kukikodi, kwa maana kiwanja hicho ni ardhi ya serikali.

"Mwenyekiti," alisema Ng'washi, "naomba niisome."

"Uisome nini, mayu?" Ngeleja alimwita mama kwa Kisukuma. "Huoni muhuri?"

"Nauona. Nataka kuyaona na maneno."

Watu walicheka, lakini Ngeleja alimpa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amehudhuria kisomo cha watu wazima wiki mbili tu, akaacha kwa kusema macho yanamwuma. Ng'washi alikuwa na mwaka wa pili sasa. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akakisogeza polepole kama mtu anayepalilia mche mchanga wa pamba. Alipofika mstari wa nne, kidole kilisimama. Akarudia. Kisha akainua uso.

"Mrudisheni dume zizini."

"Una nini wewe?"

"Tumekataliwa. Barua inasema kiwanja kimezungushiwa wigo wa minyaa, kwa hiyo kimekwisha kuchukuliwa na mtu kuwa boma lake. Inasema mwenye maelezo ayalete ofisini Bariadi kabla ya Ijumaa kwisha."

"Ijumaa ipi?"

"Kesho."

Minyaa ile waliipanda wao wenyewe, wanaume kwa wanawake, kwa siku moja, wakiimba. Barua ya kwanza ya Bwana Ardhi, afisa wa ardhi wa Bariadi, ilikuwa imewataka wahakikishe mifugo haiingii kiwanjani. Basi Msukuma akiambiwa azuie mifugo, atafanya nini kingine? Walikata matawi yaliyofika begani, wakayachomeka pande zote nne, wakarudi nyumbani wakiamini wamemfurahisha mkubwa. Kumbe walikuwa wamemjengea picha ya boma la mtu.

"Nani atakwenda kusema?" aliuliza Ngeleja, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua nguvu.

"Aliyeisoma," alijibu mzee mmoja. "Wewe utampeleka kwa baiskeli. Ndiyo adhabu yako ya kutunyima nyama."

Hivyo ndivyo walivyoondoka alfajiri, mwenyekiti akikanyaga pedali, Ng'washi akiwa ameketi nyuma na daftari lake la kisomo kifuani.

"Mayu, hilo daftari lina mawe?" Ngeleja alihema kwenye mlima wa kwanza.

"Lina maneno. Ungebaki darasani ungeuzoea uzito wake."

Bwana Ardhi aliitwa Maftaha, mtu wa Lindi, mpole, mwenye miwani na suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi vizuri. Aliwakaribisha viti, akawasikiliza. Ngeleja alianza kwa hotuba ndefu juu ya siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, hata Bwana Maftaha akatazama saa yake mara mbili.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema mwishowe, "hayo yote nayaafiki. Lakini nimefika mwenyewe, nimeona kwa macho yangu. Nilipohamia huku niliambiwa, ukiona minyaa imezungushwa, jua kuna mwenye mji. Siwezi kukodisha kwa umma ardhi ambayo mtu mmoja ameifanya boma lake."

Ng'washi hakuwa amewahi kuzungumza mbele ya meza kubwa namna ile. Akamkumbuka Minza, jinsi alivyokuwa ameketi mlangoni alfajiri ile, akishika tumbo kwa mikono miwili.

"Bwana mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mama. Ila mimi ndiye wa kukuamkia wewe."

"Kwenu mnafuga ng'ombe?"

Bwana Maftaha alitabasamu. "Kwetu ni mikorosho, mama."

"Ulipofika kiwanjani, uliona milango mingapi?"

Alifikiri. "Miwili. Mmoja upande wa Bariadi, mmoja upande wa Zagayu."

Ng'washi alifungua daftari mezani, akachora mraba kwa penseli, akaacha pengo huku na pengo kule. Pembeni akachora duara lenye pengo moja.

"Hili duara ni boma la Msukuma. Mlango ni mmoja. Huu mwingine ni wigo wetu. Basi linaingia hapa, linatokea hapa, bila kurudi nyuma. Bwana, ng'ombe hawekwi penye milango miwili."

Bwana Maftaha aliuvuta mchoro karibu na miwani yake. Kisha akapaza sauti kuelekea dirishani.

"Mzee Salu!"

Mlinzi wa ofisi aliingia akivua kofia. "Mwangaluka," aliwasalimu wageni, nao wakaitikia.

"Mzee Salu, boma la ng'ombe kwenu lina milango mingapi?"

"Mmoja, bwana."

"Na mtu akiweka miwili?"

Mzee Salu aliwatazama wote mmoja mmoja, kana kwamba anatafuta aliye mgonjwa. "Huyo, bwana, anawafugia wezi."

Bwana Maftaha alicheka hata miwani ikamtoka puani. Ngeleja naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha kwa nguvu kupita wote. Kicheko kilipokwisha, Bwana Ardhi alivuta jalada, akaandika kwamba amepokea maelezo na ameridhika, na kwamba kiwanja kimekodishwa kwa kijiji miaka thelathini na mitatu kwa matumizi ya kituo cha basi. Ngeleja aliweka dole gumba. Ng'washi, akiwa shahidi, aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, wala hakuna aliyemharakisha.

"Sasa soma kwanza," alisema Ngeleja walipopokea nakala, akimpa karatasi kwa mikono miwili. "Muhuri nimeuona. Nisomee maneno."

Akamsomea hapohapo barazani, tangu tarehe hadi sahihi.

Wiki ya tatu basi liliingia kiwanjani kwa mara ya kwanza. Minza alipanda na mama yake, na siku ile kijiji kilikula dume mweusi bila wao. Siku ya tano basi likawarudisha, dereva akipiga honi tangu mbali, watu wakaacha majembe wakakimbia. Ng'washi alishuka kwanza, akageuka kumpokea Minza, na kondakta akabaki ngazini ameshika kifurushi cha khanga kilicholia kwa hasira zote za dunia.

"Na huyu msafiri wangu mdogo?" aliuliza. "Yeye anashuka wapi?"

"Nipe huku," alisema Ng'washi, huku vigelegele vikimfunika sauti. "Huyu amefika kwao."